Maji Yaliyotibuka na Maneno ya Giza

Katika somo hili tutasoma neno moja la Kiingereza, kisha tutatafuta maneno ya Kiswahili yanayolingana nalo. Neno lenyewe ni «murky».

Labda mmoja wenu atauliza: «Mwalimu, sisi tunajifunza Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza cha nini?» Basi fungueni ramani. Wekeni kidole juu ya Lubumbashi, kisha kishusheni upande wa kusini mashariki, kwa kuifuata barabara kubwa. Baada ya kilometa 90 hivi mtafika Kasumbalesa, na ng'ambo ya mpaka ni Zambia, nchi ambayo lugha yake ya serikali ni Kiingereza. Malori yanapita hapo kila siku. Yanapeleka shaba, yanaleta unga, saruji na mafuta. Kwa hiyo Kiingereza kinafika mjini kwetu juu ya magunia na katika vinywa vya madereva. Neno «murky» silo la magunia, hamtaliona sokoni. Lakini kitu chenyewe kinachotajwa na neno hilo kimejaa mjini mwetu, tena wengine wamekufa kwa ajili yake. Ndiyo sababu ya kulichagua.

Kwanza tulitamke. Waingereza husema karibu kama «maki», ila irabu ya kwanza wanaivuta kidogo, na r haisikiki. Wamarekani huitamka r yao waziwazi. Yatosha.

Neno hili ni la zamani sana. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa nchi za baridi za kaskazini walivuka bahari kwa merikebu, wakaishambulia Uingereza, na baadaye wengi wao wakakaa humo, wakalima na kuoa. Katika lugha yao giza lilikuwa «myrkr». Waingereza wenyewe walikuwa na neno linalofanana nalo, na maneno hayo mawili yakasaidiana kukaa katika lugha. Hata leo Wadenmaki husema «mørk» juu ya kitu chenye giza.

Shakespeare, yule mtunzi mkubwa wa Waingereza, alilitia neno hili katika mchezo wake Macbeth. Humo mna mama mmoja aliyemshauri mumewe amwue mfalme. Kisha mama huyo anapata ugonjwa wa kutembea usingizini, akijaribu kunawa damu ambayo mtu mwingine haioni. Katika maneno yake ya usingizi anaitaja jehanamu, na neno analolitumia juu yake ni hili hili, «murky». Fikirini kidogo. Watu husema ya kuwa jehanamu ni moto, na moto hutoa mwanga. Lakini mama yule haoni mwanga wowote. Anaona giza zito kama la nyumba iliyojaa moshi. Hapo tunaanza kuikaribia maana.

Sasa tazameni tofauti. Umeme ukikatika usiku katika mtaa wa Kenya au wa Katuba, nyumba inakuwa giza totoro. Mama anatafuta kiberiti, anawasha mshumaa, na giza linakimbia. Giza hilo halina kitu ndani yake: ni ukosefu wa mwanga tu. Waingereza wana neno jingine kwa giza la namna hiyo. Lakini mwezi wa tisa, mvua haijanyesha bado, lori linapita katika njia ya udongo, na nyuma yake linaacha vumbi jekundu. Motokari inayofuata inawasha taa zake. Je, dereva anaona vema? Haoni. Mwanga unagonga vumbi na kumrudia machoni. Kadiri anavyoongeza taa ndivyo anavyozidi kupofuka. Hilo ndilo giza liitwalo «murky»: giza lenye kitu ndani yake. Halifukuzwi na taa. Sharti kile kitu kilichomo kitue chini, au kitolewe.

Kiswahili hakina neno moja tu la kusema hayo yote. Kina maneno mengi, na kila moja lina mahali pake. Naona huo ni utajiri, si upungufu. Tuanze na maji.

Maji yenye udongo ndani yake twasema yana matope, au yamechafuka. Lakini liko neno zuri zaidi ambalo wengi mmelisahau: kutibuka. Mtu akitupa ndoo kisimani kwa nguvu mpaka ikagusa chini, tope la chini hupanda juu, na maji hubadilika rangi. Mtu huyo ametibua maji, na maji yametibuka. Oneni vitenzi hivi viwili. Tibua ni kazi ya mtu au mnyama. Tibuka ni hali inayoyapata maji yenyewe. Ni kama vunja na vunjika, kama mwaga na mwagika. Tena kumbukeni ya kuwa neno maji halina umoja. Twasema «maji yametibuka», hatusemi «imetibuka». Nyumbani wengi wenu husema «mayi», na hakuna ubaya. Ndivyo mji wetu unavyosema. Katika daftari andikeni «maji».

Maji yaliyotibuka yakiachwa hutulia. Udongo mzito hushuka kwanza, kisha ule laini. Twasema maji yametuama. Lakini uko udongo wenye chembe ndogo kabisa, ndogo kuliko unga wa muhogo uliochekechwa mara tatu, na chembe hizo huelea siku nyingi bila kushuka. Ndiyo maana mto wetu Lubumbashi wakati wa masika huwa na rangi ya tofali muda mrefu. Mvua ya mwezi wa kumi na mbili inaosha njia na bustani, inachukua udongo mwekundu, na kuutia mtoni. Mto Lubumbashi unaingia katika Kafubu, na Kafubu inaingia katika Luapula. Maji ya Luapula yanapita katika Ziwa Mweru, yanafika Lualaba, mwisho yanateremka na mto mkubwa wa Kongo mpaka bahari. Udongo wa bustani ya bibi mmoja wa Katuba unaweza kuanza safari hiyo kwa mvua ya usiku mmoja.

Je, mtu aweza kuupima utibukaji wa maji? Aweza, tena kwa chombo kisicho na gharama. Mwaka 1865 padri mmoja Mjesuiti wa Roma, jina lake Angelo Secchi, alipanda merikebu katika bahari ya Mediterania. Padri huyo alikuwa mtaalamu wa nyota. Aliombwa apime jinsi maji ya bahari yanavyopitisha mwanga. Akachukua sahani nyeupe ya mviringo, akaifunga kwa kamba, akaishusha majini polepole. Alipoona sahani inapotea machoni alipima urefu wa kamba. Maji yakiwa maangavu, sahani huonekana mbali sana. Yakiwa yametibuka, hupotea mara. Wataalamu wa maji duniani kote wanaitumia sahani hiyo mpaka leo, na wanaiita kwa jina la padri huyo. Katika Ziwa Tanganyika, mbali na ufuko, sahani huonekana hata ikiwa imeshuka mita 10 na zaidi. Katika mto wa masika haifiki hata urefu wa mkono.

Ninyi nanyi mwaweza kufanya hivyo shuleni pamoja na mwalimu. Chukueni mfuniko wa kopo la maziwa, upakeni rangi nyeupe, toboeni tundu katikati, tieni kamba na jiwe dogo la kuuzamisha. Pigeni fundo katika kamba kila baada ya sentimeta 10. Jazeni pipa maji ya mvua yaliyopita mferejini. Shusheni mfuniko, hesabuni mafundo. Yaacheni maji mpaka kesho, mhesabu tena, na kesho kutwa tena. Andikeni tarakimu ubaoni. Lakini msiende mtoni peke yenu kufanya jaribio hili. Maji yaliyotibuka huficha shimo, na mtoto hajui kina chake mpaka amekwisha kuingia.

Basi tufike kwenye jambo lenyewe. Wengi hudhani hivi: maji yaliyotibuka ni mabaya, maji maangavu ni mazuri. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili imewaua watu.

Mwaka 1854 kolera iliingia katika mtaa mmoja wa London. Katika mtaa huo palikuwa na pampu ya maji katika njia iliyoitwa Broad Street. Watu waliyapenda maji ya pampu hiyo kwa kuwa yalikuwa na ladha nzuri. Mama mmoja mjane, aliyehama mtaa huo na kukaa mbali, aliyapenda hata akaletewa maji hayo kwa mkokoteni. Akanywa, akafa kwa kolera mahali ambapo mtu mwingine hakuwa na kolera. Mganga John Snow aliandika orodha ya waliokufa, akauliza nyumba kwa nyumba maji yalitoka wapi, akaona ya kuwa pampu ile ndiyo chanzo. Aliwaomba wakubwa wa mtaa waondoe mkono wa pampu, nao wakauondoa. Watu zaidi ya 600 walikuwa wamekufa. Choo kibovu cha nyumba ya jirani kilikuwa kikivuja ndani ya kisima, na macho hayakuweza kuona hatari iliyomo. Vijidudu vya kolera ni vidogo mno. Bilauri ya maji inaweza kuwa na maelfu yake na bado ikang'aa kama kioo.

Msifikiri hayo ni mambo ya Ulaya na ya zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa mvua, kolera iliwapata watu wengi Lubumbashi na Likasi. Katika mitaa mingi ya mji wetu mabomba ya maji hayafiki, au yanafika na kukauka, na watu huchota katika visima vilivyochimbwa uani, hatua chache kutoka chooni. Maji ya kisima cha namna hiyo mara nyingi ni maangavu, kwa sababu udongo umeyachuja. Lakini udongo ulioyachuja matope si lazima uwe umeyachuja na vijidudu.

Kwa hiyo mama au dada mkubwa anayetayarisha maji ya kunywa sharti afanye kazi mbili, na mpango wake usigeuzwe. Kazi ya kwanza ni kuondoa utibukaji: maji yatuame katika ndoo yenye kifuniko, kisha yamiminwe polepole katika chombo kingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kazi ya pili ni kuua vijidudu: maji yachemke mpaka yatokote kwa nguvu muda wa dakika moja au zaidi, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Kwa nini kwanza kuchuja? Kwa sababu klorini ikiingia katika maji ya matope inapoteza nguvu yake juu ya matope, na vijidudu vinajificha ndani ya chembe za udongo kama panya ndani ya magunia. Wako watu wanaotia dawa katika maji mekundu wakadhani wamekwisha kuyasafisha. Wamepoteza dawa bure.

Hata hivyo kuchemsha hakuondoi kila kitu, na hapa lazima tuseme juu ya mji wetu wa shaba. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walipima mkojo wa watu waliokaa karibu na migodi na viwanda vya madini huku kwetu, wakaukuta una kobalti nyingi mno, pamoja na madini mengine. Tena watoto walikuwa na kobalti nyingi kuliko wazazi wao. Kwa nini watoto? Mtoto hucheza chini, mikono yake inashika vumbi, na mikono hiyo hiyo inaingia mdomoni. Kobalti iliyoyeyuka katika maji haiyatibui. Ukiyachemsha, maji yanapungua na kobalti inabaki. Dawa ya jambo hilo haipatikani jikoni kwa mama. Iko kwa wenye viwanda wanaomwaga maji yao mtoni, na kwa serikali inayopaswa kuwazuia. Lakini kunawa mikono mbele ya kula ni kazi yenu, nanyi mwaweza kuifanya leo.

Sasa tuache maji, tuinue macho tuangalie hewa.

Asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, mabonde yanajaa weupe usioonekana mbele: huo ni ukungu. Ukungu ni maji matupu, matone madogo sana yaliyo hewani, na jua likipanda unakwisha. (Kumbukeni ya kuwa kuvu juu ya mkate wa zamani nako huitwa ukungu, msichanganye.) Jua likizama, pale ambapo bado mwamwona mtu lakini hammtambui uso, twasema kuna utusitusi. Mawingu mazito yakifunika juu twasema anga limefunga, au mawingu yametanda. Mwingereza anaweza kuyasema haya yote kwa neno letu «murky», ila ukungu mweupe na safi wa asubuhi hatauita hivyo kwa urahisi. Anataka uchafu kidogo ndani yake. Anataka moshi.

Moshi tunaujua. Asubuhi na jioni mbabula zinawaka mbele ya nyumba, na moshi wa makala unatanda juu ya mtaa mzima. Mwezi wa nane na wa tisa porini wanachoma majani, na jua linakuwa jekundu kama sahani ya shaba, waweza kulitazama bila kufumba macho. Lakini moshi uliojulikana kuliko yote ulikuwa ule wa dohani kubwa, ile ambayo wengi huiita shemine. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville mpaka 1966. Mwaka 1911 tanuri za Union Minière zilianza kuyeyusha shaba kando ya mto. Baadaye yaliletwa pia mawe ya Kipushi, ambayo ndani yake shaba imeshikamana na salfa. Jiwe la namna hiyo likiyeyushwa, salfa inaungua na kuwa hewa chungu inayochoma koo na kukausha majani ya miti. Upepo wetu kwa kawaida hutoka kusini mashariki. Basi moshi wa dohani ulielekea kaskazini magharibi miaka mingi, na upande huo msitu ulikufa. Vilima vya Penga Penga vikabaki uchi, na mvua ikaosha udongo wake.

Tanuri hizo ziliacha kuyeyusha shaba katika miaka ya 1990. Dohani ingali imesimama, na kando yake mlima mweusi wa taka za tanuri, ambao baadaye watu walirudi kuuchimba kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Hewa pale imetakata. Udongo haujatakata, maana shaba na risasi zilizoanguka pamoja na moshi haziozi. Wataalamu wa Chuo Kikuu wamejaribu kupanda huko nyasi zinazovumilia shaba, ili mizizi yake ishike udongo usipeperuke. Mkienda huko na mwalimu mtaona nyasi hizo fupi, na pengine lile ua dogo linalopenda udongo wa shaba. Ni jambo la kustaajabisha: mahali ambapo muhogo unakataa kuota, ua hilo linachanua.

Hewa ya namna hiyo yaweza kuua kwa haraka pia. Mwaka 1952, kuanzia tarehe 5 mpaka 9 mwezi wa kumi na mbili, London haikupata upepo. Moshi wa makaa ya mawe kutoka nyumba na viwanda, wenye salfa ile ile, ulichanganyika na ukungu na kulala juu ya mji. Mchana ulikuwa kama usiku. Watu walitembea wakipapasa kuta. Baada ya siku tano upepo ulirudi, na hesabu ikafanywa: watu kama 4,000 walikuwa wamekufa zaidi ya kawaida, na waliohesabu tena baadaye wakasema huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 Waingereza waliweka sheria juu ya moshi. Mtaona ya kuwa watu wengi walikuwa wameishi na moshi huo tangu utoto wao, wakauona kuwa ni sehemu ya mji wao tu, kama sisi tulivyoizoea dohani mpaka tukaichora katika picha zetu.

Imebaki matumizi ya tatu, ambayo hayahusu maji wala hewa. Waingereza husema jambo fulani ni «murky» wakiwa na maana ya kuwa halieleweki, tena wanadhani kuna mtu anayetaka lisieleweke. Sisi twasema mambo hayako wazi, au mambo yana giza, au mtu anazungushazungusha maneno. Angalieni sana: si kila neno gumu ni la namna hii. Babu au nkambo akikutegea fumbo, anakuficha kitu ili ukitafute na ukione, na ukikiona atafurahi kuliko wewe. Mtu wa maneno ya giza anakuficha kitu ili usikione kabisa. Fumbo linamwamsha msikilizaji. Maneno ya giza yanamlaza.

Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri, aliyetawala nchi kubwa ya Garenganze. Alileta karatasi ya mkataba kwa ajili ya kampani ya Cecil Rhodes. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Msiri hakusoma lugha hiyo. Kwake yeye karatasi ile ilikuwa kama kisima kilichotibuliwa: nani ajuaye kilichomo chini? Msiri alikataa kutia alama yake, na Sharpe akarudi mikono mitupu. Kukataa huko hakukumwokoa. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891, watu wa msafara wa Stairs, waliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walimwua, na nchi yake ikachukuliwa. Lakini aliyeitaka nchi yake ilimbidi aje waziwazi na bunduki, wala hakuipata kwa wino.

Wachimbaji wengi wa Katanga wanaijua hali hiyo hata leo, ingawa kwa vitu vidogo zaidi. Mchimbaji anakuja na gunia la mawe kwa mnunuzi. Mnunuzi anagusisha jiwe na mashine ndogo, anasoma tarakimu, anasema: «Mawe yako ni maskini.» Mchimbaji hakuiona tarakimu, wala hajui mashine inavyopima. Anapokea fedha anazopewa. Huenda mashine ilisema kweli, huenda haikusema. Yeye hawezi kujua, na wengi hulalamika juu ya jambo hilo. Kwa biashara hiyo Mwingereza angetumia neno letu la leo bila kusita.

Mtoto anayejua kusoma, kuhesabu na kuuliza anafaa sana mahali kama hapo. Aweza kumwambia baba yake kwa adabu: «Baba, tumwombe atuonyeshe tarakimu kabla ya kupima fedha.» Aweza kuandika katika daftari uzito wa gunia, tarakimu ya mashine na bei, siku kwa siku, na baada ya mwezi mmoja ataona kama tarakimu za mnunuzi mmoja zinafanana na za mwingine. Ni kazi ile ile ya padri Secchi na mganga Snow: kushusha kamba, kuhesabu mafundo, kuandika.

MAULIZO

Giza la nyumba isiyo na taa na giza la vumbi nyuma ya lori yanatofautianaje?

Kwa nini maji huchujwa kwanza, ndipo yakatiwa klorini?

Maji ya pampu ya Broad Street yalipendwa kwa nini? Yalileta hatari gani?

Penga Penga iko upande gani wa dohani? Upepo ulifanya nini?

Tieni neno linalofaa (kutibuka, kutuama, kutanda, utusitusi, ukungu) katika mahali patupu, na mlinganishe vitenzi na majina yake: Ng'ombe wameingia kijitoni, maji .......... . Tuliacha ndoo usiku kucha, asubuhi maji yalikuwa .......... . Moshi wa mbabula .......... juu ya mtaa. Alirudi saa ya .........., sikumtambua uso. Jua lilipopanda, .......... ulikwisha bondeni.

Andikeni mistari kumi juu ya maji mnayokunywa nyumbani: yanatoka wapi, choo kiko hatua ngapi kutoka kisimani, na nani huyachemsha. Pimeni hatua hizo kwa miguu yenu wenyewe kabla ya kuandika.